Mwalimu Mkuu Aliyetuachia Tuchague

Mikono yake ilikuwa safi. Hilo ndilo la kwanza linalonijia nikimkumbuka, na ndilo linalonitia kinyaa kuliko mengine yote. Kijijini kwetu, upande wa Handeni unaoelekea Mazingara, maji tulikuwa tunayafuata lamboni, mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na tukifika tunakuta ng'ombe wameshatangulia kuyavuruga. Yeye alikuwa na beseni la bati nje ya ofisi yake, na kila akishika chaki, au bega la mtoto, au barua iliyotoka kwa mzazi, alinawa. Waliokuwa wanamchotea maji hayo ni sisi. Tena tulipiga kura wenyewe tumchotee, maana kwake hakuna kilichofanyika bila kura.

Jina lake silitaji. Tulimwita Mwalimu Mkuu, na wazee walimwita hivyo hivyo hata baada ya kuhamishwa. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, alisomeshwa na nani, sikuwahi kuuliza na sasa sina hamu. Mimi nilimjua kwa jinsi alivyowatendea watoto wa watu, na nilikuwa mmoja wao kwa miaka mitano na ushei.

Alikuja mwaka ule ule tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba bado zinanuka udongo mbichi. Shuleni walisema sasa ni elimu ya kujitegemea. Walimu wengi walilielewa neno hilo kuwa ni jembe, na kwa kweli jembe tulilishika. Yeye akalielewa kwa namna yake. Wiki ya kwanza alitukusanya uwanjani, akatoa fimbo zote zilizokuwa ofisini, za mkwaju, za mwanzi, na kiboko kimoja cha ngozi alichokuwa nacho mwalimu wa darasa la tano, akazilundika na kuzimwagia mafuta ya taa. Zikaungua mbele yetu.

"Mkoloni ameondoka, na fimbo yake imfuate," akasema. "Mtoto si gunia la kujazwa mahindi. Kuanzia leo mko huru."

Mimi nilikuwa darasa la kwanza. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka, na niliporudi nyumbani nikamwambia mama kwamba shule yetu haina fimbo tena. Mama alikuwa anapepeta mahindi. Alisema, "Haya," akaendelea kupepeta.

Nitasema la haki, maana kumsingizia mtu ni dhambi. Hakumpiga mtoto hata siku moja. Hakutukana. Hakulewa. Alitutembeza porini akatufundisha kuandika majina ya miti kwa Kizigua na kwa Kiswahili, na nakumbuka nilivyofurahi siku nilipoona jina la mti wa nyumbani kwetu limeandikwa ubaoni kama neno la maana. Hesabu za kugawanya nilizielewa kwake, kwa kugawana mihogo. Alikuwa na kichwa chepesi mno, na angeamua kutusomesha, nusu ya darasa letu ingekwenda sekondari. Ndiyo maana siwezi kumsamehe kirahisi kama ambavyo ningemsamehe mjinga.

Neno lake lilikuwa moja. Ukimwuliza chochote, yeye anainamisha kichwa upande, anatabasamu, anasema: "Wewe unaonaje?"

Siku moja tumetoka porini, mtoto mmoja wa darasa la tatu akamletea uyoga. Uyoga mwekundu, mzuri wa kutazama. "Mwalimu, huu unalika?" Akainamisha kichwa. "Wewe unaonaje?" Mtoto akasema anaona unalika. "Basi umejiamulia," akasema Mwalimu Mkuu, akaenda zake kunawa. Yule mtoto alitapika siku mbili, mpaka bibi yake akamnywesha maziwa na mkaa uliosagwa. Bibi huyo alikuja shuleni kanga imefungwa kiunoni, tayari kwa ugomvi. Mwalimu Mkuu alimpokea vizuri sana, akampa kiti, akamwambia, "Bibi, sasa mjukuu wako amejifunza kitu ambacho hatakisahau." Bibi akatema mate chini, pale pale mlangoni, akaondoka bila kuaga.

Mpaka leo naona jibu lilikuwa lile.

Na yale mayai. Shule ilikuwa na mradi wa kuku, na kuku hao tuliwahudumia sisi, tukiwaletea mchwa na pumba za mahindi. Baraza la Wanafunzi lilipokutana kuamua mayai yaende wapi, yeye alikaa nyuma kabisa, kwenye dawati, miguu imebanana, kama naye ni mtoto. Kiranja akauliza, mayai tule sisi au tuuze? Mwalimu Mkuu akanyoosha kidole, akaomba ruhusa ya kusema. Akauliza taratibu: "Mwalimu wenu akidhoofu, mnaonaje, nani atawafundisha?" Basi. Mikono yote ikapaa, na wangu ulikuwemo. Tangu siku hiyo, kila saa nne, alikaa barazani pa ofisi akimenya mayai mawili ya kuchemsha kwa ukucha wa kidole gumba aliokuwa ameufuga, na sisi tumekaa mbele yake na matumbo yanayonguruma. Kiini cha njano kilikuwa kinabaki kwenye sharubu zake. Alikuwa anatutazama huku anatafuna, kwa upendo kabisa.

Kulikuwa na Omari pia. Omari alifika darasa la tano hajui kutofautisha a na o. Mwalimu wa darasa alilalamika. Mwalimu Mkuu akasema asilazimishwe, atasoma siku atakayotaka mwenyewe. Omari aliachwa akatege ndege. Miaka mingi baadaye mimi nilikuwa nafundisha kisomo cha watu wazima, na nani anaingia mlangoni na daftari jipya chini ya kwapa? Omari, ana ndevu, ana watoto watatu. Nikamwambia, "Wewe si ulimaliza la saba na wenzako?" Akacheka.

"Nilimaliza ndiyo, dada. Nikawa nasaini kwa dole gumba."

"Lakini ulikuwa hutaki kusoma."

"Nilikuwa na miaka kumi," akasema Omari. "Nilikuwa nataka kware."

Wageni walipokuja kutoka Tanga kwa Landrover kuitazama shule isiyo na fimbo, Mwalimu Mkuu alitutangazia kwamba siku hiyo kila mtoto atakuwa huru kusema lolote. Kisha akatufanyisha mazoezi ya lolote hilo kwa siku tatu. Wewe utasema hivi, wewe utasimama upande ule, wewe usije na hiyo kaptula. Mimi nilipangiwa kusema kwamba nikikua nitachagua mwenyewe njia ya maisha yangu. Nilisema vizuri. Mgeni mmoja wa kike, mwenye miwani, aliniinamia akaniuliza ninataka njia gani. Hilo halikuwa kwenye mazoezi. Nikamjibu ninataka kwenda sekondari. Alinipapasa kichwa, na Mwalimu Mkuu akacheka nyuma yake kwa kuridhika, kwa hiyo asije mtu akaniambia alikuwa hajui.

Sasa nimseme na mwingine, ili msinielewe vibaya. Maalim wetu wa madrasa alitupiga. Alikuwa mzee mfupi, jicho moja lina ukungu, na fimbo yake ya mkwaju ilifika mpaka mstari wa mwisho bila yeye kuinuka kwenye mkeka. Ukikosea herufi, nyayo. Ukichelewa, nyayo. Hakuna aliyepiga kura kwa Maalim. Fimbo siitetei, nina kovu kwenye kifundo cha mguu mpaka leo, na wanangu mwenyewe sikuwachapa. Lakini ukikosa chuoni siku mbili, siku ya tatu Maalim yuko uani kwenu, miguu ina vumbi, anamwuliza mama yako mtoto ana nini. Kama unaumwa, anakaa, anakusomea. Kama umetoroka, anakukamata sikio. Kwa Maalim nilijua ninatakiwa kuwa nini, na nilijua nikishindwa na yeye ameshindwa. Mwalimu Mkuu hakuwahi kufika kwenu. Alisema kumfuata mtoto nyumbani ni kumwinda.

Nilipofika darasa la sita nilikuwa wa kwanza, wasichana kwa wavulana. Sijisifu, ubao wa matangazo ulisema. Na mwaka huo huo nikavunja ungo.

Kwetu Wazigua jambo hilo si la kufichwa. Msichana anawekwa ndani. Anakaa miezi haoni jua, anafundwa na kungwi, anatolewa kwa ngoma, na akitoka mara nyingi mume ameshapatikana. Mkubwa wa ukoo alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba, na neno lake halikuwa la kujibizana. Alisema mtoto awekwe ndani msimu huo huo. Baba hakutaka. Alikuwa mtu mpole, mkulima wa mahindi na pamba kidogo, asiyejua kusoma, na jioni alikuwa anapenda kuniita nimsomee gazeti hata kama ni la zamani limefungiwa sukari. Lakini atamwambiaje kaka yake "sitaki"? Hicho kitu hakikuwepo.

Ni Maalim aliyempa njia. Alikuja baada ya magharibi, nami nilikuwa jikoni nawasikia.

"Kaka yako usimkatalie," Maalim akasema. "Nenda shuleni ukaombe ruhusa. Sheria iko wazi, mtoto haachishwi shule kabla ya la saba, mzazi anapelekwa mahakamani. Mwalimu atakataa. Wewe utakuwa umeomba, na serikali itakuwa imekataa. Kaka yako atagombana na serikali?"

"Atakataa kweli?" baba akauliza.

"Ni mtu wa serikali. Atakataaje kukataa?"

Na wala Maalim hakubuni kitu kipya. Ndivyo wazazi wengi wa siku zile walivyofanya. Unakwenda kuomba ukijua utanyimwa, unarudi umeinamisha kichwa, unawaambia wazee, jamani nimegonga mwamba. Kila mtu anaelewa, heshima ya kila mtu inabaki, na mtoto anabaki darasani. Mwalimu yeyote aliyekaa Handeni mwezi mmoja alikuwa anajua kazi yake katika mchezo huo ni neno moja tu.

Asubuhi mama alinipaka mafuta ya nazi miguuni. Baba alivaa kanzu yake ya Idi. Baba mkubwa naye akaja, asikie kwa masikio yake. Alikataa kiti, akakaa kwenye ngazi ya ofisi, mlango uko wazi nyuma yake. Mimi nilikuwa na furaha. Nawaambia kweli, nilikuwa na furaha, kwa sababu nilijua kitakachosemwa.

Baba aliomba kwa ustaarabu wake wote. "Mwalimu Mkuu, nimekuja kumwomba mtoto. Nyumbani kuna mambo ya kimila. Lakini kama sheria haikubali, sisi ni raia, tutatii." Alimtafunia jibu, yeye ameze tu.

Mwalimu Mkuu aliinamisha kichwa upande.

"Mzee wangu, mimi siamini katika kulazimisha. Mwenye maisha ni yeye. Tumwulize mwenyewe." Akageuka kwangu. Akachutama kabisa, ili macho yake yalingane na yangu. "Uko huru hapa. Hakuna atakayekupiga. Unataka kubaki shule, au unataka kwenda nyumbani na baba yako? Wewe unaonaje?"

Nina miaka kumi na mitatu. Baba yangu amesimama kulia kwangu na kofia mkononi. Mkubwa wa ukoo wangu yuko hatua tatu nyuma, ameacha kutikisa mguu ili asikie. Nikisema "shule", nimesema mbele ya watu wazima kwamba baba yangu hana amri nyumbani kwake, na baba mkubwa hatamlaumu mwalimu, hatamlaumu mtoto, atamlaumu ndugu yake mpaka kaburini. Mtoto wa kwetu gani angesema? Hata sasa, mtu mzima na mvi zangu, sijui kama ningeweza. Nikatazama sakafu.

"Anavyosema baba," nikasema.

Baba akajaribu tena, Mungu amrehemu. Sauti yake ilikuwa chini. "Mwalimu, huyu ni mtoto. Wewe ndiye mkubwa hapa. Sema wewe."

"La, mzee. Tukimsemea, tumemnyima uhuru wake."

Akafungua daftari la mahudhurio. Akatafuta jina langu kwa ule ukucha. Akaandika, halafu akatusomea kwa sauti ya mtu aliyefanya jambo jema: ameacha shule kwa hiari yake mwenyewe. Baba mkubwa akainuka pale ngazini, akakung'uta kanzu. Tulipotoka nilisikia maji yanamwagika kwenye beseni.

Njiani baba mkubwa alitangulia. Baba alikuwa anatembea polepole, mimi nyuma yake, na tulipofika kwenye mkondo mkavu alisimama, akawa kama anatoa mwiba mguuni. Hakukuwa na mwiba.

"Nilidhani atakataa," akasema.

Hakuwahi kulizungumza tena. Gazeti pia hakuniita tena kulisoma.

Balozi wa nyumba kumi alikuja mara moja kuuliza mbona mtoto haonekani shuleni. Akaambiwa aende akaangalie daftari. Alikwenda, akaona neno hiari, akarudi kwake. Karatasi haikuwa na kosa.

Nilikaa ndani tangu kupalilia mpaka mahindi yalipokauka. Kungwi wangu alikuwa mama mmoja mwenye mikono migumu, na alinifinya mapaja, alinitukana, alinichekesha, alinifundisha mambo ambayo mengine yamenisaidia na mengine nimeyatupa. Nilimchukia. Lakini siku ya kunitoa alisimama mbele ya watu akasema, huyu nimemfunda mimi, akiharibika njooni kwangu. Nilikuwa nimefunikwa kanga, sioni kitu, nikawa najiuliza mbona mtu aliyesoma hadi chuo cha ualimu hakuweza kusema maneno kama hayo.

Niliolewa Mkumbara, kwenye barabara kuu ya Moshi, na mtu ambaye si mbaya wala si mzuri. Nikauza vitunguu na machungwa kwa abiria wa mabasi. Kisomo cha watu wazima kilipofika, mwalimu alinipa kitabu nisome ukurasa wa kwanza, nikasoma kitabu chote yeye amesimama. Wakanipa darasa nifundishe. Kwa hiyo sikulala njaa na sikuwa kipofu wa herufi, na wapo waliopata mabaya zaidi yangu. Nalisema hili kwa sababu watu huniambia, mama, mbona uliendelea vizuri tu? Niliendelea, ndiyo. Ila kila mwaka, mwanzo wa muhula, basi la wanafunzi wa bweni lilikuwa linasimama Mkumbara, na wasichana wanashusha vioo kununua machungwa, sketi zao zimepigwa pasi. Nilikuwa nawahudumia na chenji naikosea, mimi niliyekuwa wa kwanza kwa hesabu.

Yeye alipanda. Alipelekwa wilayani, kisha mkoani, akawa anaitwa kwenye semina kuwaambia walimu habari za shule isiyo na fimbo.

Nilikuja kumwona mara moja tu tena. Ujamaa wenyewe ulikuwa umeshakuwa jambo la kusimuliwa. Binti yangu alikuwa amepanga Masuguru, mjini Korogwe, na mimi nilikuwa nimelala kwake siku mbili. Asubuhi nimetoka kununua maandazi, namwona mzee amekaa barazani pa nyumba ya tofali, kikombe cha chai mkononi, bakora imeegemezwa ukutani. Nilimtambua kwa mikono.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba." Akanitazama sana. Nikamtajia kijiji, nikamtajia jina la baba. Uso ukamchanua.

"Ala, wewe! Wewe ndiye uliyesimama ukajiamulia mwenyewe mbele ya wazee wako. Unajua nilikuwa nakutolea mfano? Kila semina. Nilikuwa nawaambia, mtoto akipewa uhuru anaweza kuamua."

Nikahamishia kifurushi cha maandazi mkono wa pili.

"Nilisema nini, mwalimu?"

"Ulichagua kwenda nyumbani."

"Nilisema, anavyosema baba."

"Basi si ndivyo ulivyochagua?" Akanywa chai. Hakuwa na dhihaka. Aliamini.

Nilitaka kumwambia habari za baba na ule mwiba ambao haukuwepo. Kabla sijafungua mdomo, mlango ukafunguliwa. Akatoka msichana, miaka kumi na mitatu, kumi na minne, sare mpya, anaburuta sanduku la bati. Amelia mpaka macho yamevimba. Alinipa shikamoo hata katika hali ile, mtoto wa watu.

"Babu, mimi sitaki kwenda," akasema. "Kule Lushoto baridi. Simjui mtu. Babu, nisome hapa hapa, au nikae na mama."

Yule mzee hakuinamisha kichwa. Hakutabasamu. Aliweka kikombe chini, akachukua bakora, akagonga nayo kifuniko cha sanduku mara moja.

"Hujaulizwa," akasema. "Basi linaondoka saa mbili. Vaa viatu."

"Babu—"

"Nimesema vaa viatu. Utasoma, utamaliza, halafu ndipo uje uniambie unachotaka."

Mtoto akakaa chini, akavaa viatu. Nilisimama pale na kifurushi changu cha maandazi kinanipenyezea mafuta vidoleni. Maneno aliyoyasema ndiyo yale yale, kasoro habari za basi na viatu, ambayo baba yangu alivaa kanzu ya Idi akaenda kuyaomba.

"Mwalimu," nikasema, "huyu mbona hukumwuliza anaonaje?"

Alinigeukia kwa mshangao wa kweli, kama nimeuliza kwa nini mtu anafunga mlango wake usiku.

"Huyu?" akasema. "Huyu ni mjukuu wangu."

Hakuona haya, na hakuna kilichopita usoni mwake. Akarudi kwenye chai.

Nilimpa yule mtoto maandazi yote, nikashika sanduku upande mmoja, yeye akashika mwingine, tukateremka kwenda stendi. Njia nzima alikuwa ananinong'oneza, mama, niombee kwa babu, mama, mwambie. Mlango wa basi ulipofunguliwa alisita, akanitazama, na nikajua anachotaka kusikia.

"Panda," nikamwambia. "Utalia huko huko."

Akapanda.